Hatua 22 kutoka kisimani hadi chooni

Nyumbani kwa nyanya yangu, Majengo, Mombasa, kutoka mdomo wa kisima hadi mlango wa choo zilikuwa hatua 22. Mgeni akiuliza kama maji yetu ni ya kunywa, nyanya hakujibu kwa maneno. Alimtoa uani, akamsimamisha kando ya kisima, kisha akatembea taratibu, leso kiunoni, akihesabu kwa sauti mpaka kiganja chake kikaugusa mlango wa choo. "Ishirini na mbili," husema. "Na hapa kati yote ni jiwe. Jiwe lachuja maji, mwanangu."

Nilikua nikiamini hivyo. Ukichungulia kisimani uliona kuta nyeupe zilizochongwa kwa sururu, zikishuka wima mpaka gizani, na chini kabisa kipande cha anga kikitikisika kila ndoo ilipotua. Maji yalipanda baridi na maangavu, yana chumvi kidogo ambayo ndimi zetu zilikwisha kuizoea. Tuliyanywa, tukayapikia, tukatawadhia. Ya mfereji yalikuja siku yalizopenda.

Vuli ya mwaka 1997, ile ya El Niño, mvua haikujua kunyamaza. Ua ulijaa maji hadi vifundoni, na kisima ambacho siku zote tulikiteka kwa kamba ndefu kikapanda mpaka kamba ikabaki mikononi. Sisi watoto tulifurahi. Siku ya nne binamu yangu mdogo alianza kuhara maji matupu. Kufikia usiku alikuwa akilia bila machozi. Alipona, alhamdulillahi, baada ya siku tatu za kutiliwa maji ya mshipa. Nyanya alivilaumu viazi karai vya njiani. Hakuna aliyekilaumu kisima, maana kisima kilikuwa na hatua zake 22.

Leo kazi yangu ni kupima maji ya visima. Nimebeba chupa kutoka Likoni hadi Bamburi, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni lile lile la nyanya: ziwe hatua ngapi? Mtu ataka nambari. Aliambiwa mita 30 kati ya choo na kisima, akazitimiza, akaona amemaliza. Baada ya miaka hii yote nimeshawishika kwamba hapa Mombasa hatua ndizo zinazotudanganya zaidi. La kuuliza ni siku: maji yachukua siku ngapi kutoka shimo la choo hadi kisimani, na katika siku hizo uchafu wenyewe umegeuka kuwa nini. Kwa sababu uchafu ukiingia ardhini hausimami, na mara nyingi haufiki vile ulivyoondoka.

Tuanze na jiwe la nyanya. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba uliokuwa hai zamani sana, matumbawe yaliyojengeka bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa, kisha yakabaki nchi kavu iliposhuka. Ukipita Mama Ngina jioni, badala ya kutazama meli zikiingia Kilindini, tazama ukuta wa jabali chini ya miguu yako. Umejaa matundu. Mengine yatoshea kidole, mengine kichwa cha mtoto, mengine ni mapango. Matundu hayo hayakuchimbwa na mawimbi peke yake. Maji ya mvua huchukua kaboni dayoksaidi hewani na zaidi kwenye udongo, yakawa na uchachu hafifu, na uchachu huo hula jiwe la chokaa. Ufa mwembamba ukipitiwa na maji kwa maelfu ya miaka huwa mfereji. Katika jiwe la namna hiyo maji hayachujiki. Yanatembea.

Yatembea kasi gani? Mfano ninaopenda kuutoa watoka mbali. Kusini mwa Ujerumani mto Danube huzama ardhini mahali fulani kwenye mawe ya chokaa, na kwa muda mrefu watu walibishana maji yale yaenda wapi. Mwaka 1877 profesa Adolf Knop alimwaga kilo 10 za rangi pale mto unapozamia. Baada ya saa zipatazo 60, chemchemi ya Aach, umbali wa kilomita kama 12, iling'aa kijani. Piga hesabu: ni kama mita 200 kwa saa. Hatua 22 za nyanya yangu, tuseme mita 15, kwa mwendo ule ni chini ya dakika tano. Sisemi kwamba chini ya Majengo kuna mto kama ule. Nasema kwamba jiwe la aina ile, likishatoboka, halina habari na hatua zako.

Ujerumani huko huko, wanapolinda visima vya kunywesha miji, eneo la ulinzi wa karibu hupimwa kwa siku 50: maji yaliyoingia ardhini mpakani mwa eneo hilo yachukue siku zisizopungua 50 kufika kisimani. Kwa nini siku? Kwa sababu vijidudu vingi vya matumbo ya binadamu vikiwa ardhini viko ugenini. Hakuna joto la mwili, chakula ni haba, na kuna viumbe wengine wadogo wanaovila. Wapewe muda, watakufa. Mwenye mchanga mwembamba anazipata siku hizo 50 katika umbali mfupi. Mwenye jiwe lililotoboka huenda asizipate hata akikiweka choo mtaa wa pili.

Nyanya alijua jambo moja ambalo wengi wa rika langu hawalijui: kisima cha kisiwani hupumua pamoja na bahari. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, alituamuru tuteke maji ya kunywa mapema, bahari haijajaa, maana baadaye hukoza chumvi. Alikuwa sahihi kabisa. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo chini ya kisiwa huelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo zinazoibeba. Ukivuta kwa pampu ukapunguza kidogo hapo juu, chumvi yapanda mara nyingi zaidi kutoka chini. Bahari nayo ikijaa husukuma yote hayo juu, ikipwa huyavuta. Fikiria basi shimo la choo lililochimbwa kiangazi, mchimbaji amefika chini pakavu, akaridhika. Bamvua la masika likija, na mvua juu yake, lile shimo laweza kuwa limezama miguu yake ndani ya maji yale yale tunayoyateka. Bila shaka ndivyo ilivyokuwa kwetu mwaka 1997, siku zile tulizofurahia kamba fupi.

Miaka kadhaa baada ya nyanya kufariki nilikipima kisima chake. Kipimo ni chepesi: chupa ndogo yenye karatasi iliyolowekwa dawa. Unatia maji, unafunga, unaiacha kwenye joto la nyumba siku moja au mbili. Kukiwa na dalili ya uchafu wa choo, maji yanakuwa meusi. Niliiweka chupa juu ya kabati la vyombo la mama. Asubuhi yake ilikuwa nyeusi tii, kama imetiwa wino wa pweza. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akaifunika kwa kitambaa, kana kwamba ni jambo la aibu wageni wasilione.

Ukivuka daraja la Nyali ukaingia Kisauni, ardhi inabadilika. Kuna matumbawe upande wa baharini, lakini sehemu kubwa ni mchanga, na mchanga ndio unaofanya ile kazi nyanya aliyoidhania jiwe. Kati ya punje na punje maji hujipenyeza polepole. Vijidudu hunata kwenye punje, hukwama, huliwa, hufa. Maji ya Baricho tunayoyanywa yatoka kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto Sabaki: mto unapita mwekundu kwa tope na kisima cha pembeni chatoa maji meupe. Mchanga mzuri ni neema.

Lakini ni Kisauni niliposhuhudia mchanga ukishindwa, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, alituita tupime kisima chake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku keshaanza kuniongoza. Choo kilikuwa nyuma ya mwembe. "Mita 30," akasema, "nilizipima kwa futi ya fundi, na fundi mwenyewe shahidi." Kisima kilikuwa na ukingo wa saruji uliosakafiwa vizuri, mfuniko wa bati, na kamba isiyogusa chini. Kusema kweli ni kisima kilichotunzwa kuliko vingi nilivyoviona. Nilijaza chupa nikamwachia. Siku ya pili akanipigia simu kwa furaha: chupa haikugeuka, maji meupe pe.

Nilirudi na vipande vya kupimia naitreti, uchafu ambao ile chupa haiuoni. Ni kijikaratasi kama kibanzi cha kiberiti, chenye kijimraba ncha moja. Unakichovya, unasubiri dakika moja, unakilinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo: nyeupe hakuna kitu, waridi hafifu kuna kidogo, na kadiri inavyokoza ndivyo hesabu inavyopanda. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Kile kijimraba kilianza kuona haya kabla sijamaliza kuhesabu sekunde kumi. Dakika ilipokwisha kilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, kupita waridi la 50 na linalofuata. Nilikichovya cha pili nikitumaini la kwanza lilikuwa kosa langu. Kikafanya vile vile.

Safari ya naitreti ni hii. Mkojo una yurea, na yurea ndani ya shimo hugeuka amonia. Amonia ikitoka shimoni ikaingia kwenye mchanga wenye hewa, inakutana na bakteria wanaoishi kwa kuichoma kwa oksijeni: wa kwanza huigeuza naitraiti, wengine huimalizia kuwa naitreti. Ni kazi ya kawaida ya ardhi, wala si ugonjwa. Shida ni kwamba naitreti haishiki mahali. Punje za mchanga na udongo kwa kawaida zina chaji hasi, nayo naitreti ina chaji hasi, zinasukumana. Kwa hiyo huenda pale maji yaendapo, kwa mwendo wa maji, na siku 50 haziipunguzii kitu ikiwa njia nzima ina hewa. Ule mchanga uliowaua vijidudu ndio huo huo ulioitengeneza naitreti na kuipitisha. Haina rangi, haina harufu, haina ladha.

"Basi si twachemsha," sauti ya mwanamke ikasema nyuma yangu. Mke wa mwana wa mzee alikuwa jikoni, mtoto wa miezi miwili begani, sufuria mekoni, chupa ya maziwa ya unga mezani imeoshwa ikang'aa. Alikuwa akifanya kila alilofundishwa kliniki. Alichemsha maji ya kisima, tena akayaacha yakachemka muda mrefu kwa usalama wa mwanawe.

Kuna mambo katika kazi hii ambayo sijui kuyasema vizuri. Nililazimika kumweleza mama yule kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuigusi naitreti. Mvuke unaondoka, naitreti inabaki sufuriani, na maji yakipungua yenyewe inazidi kukoza. Nilimweleza pia kwamba mtoto mchanga ndiye aliye hatarini kuliko sote. Naitreti ikigeuka naitraiti tumboni huibadilisha damu ikashindwa kubeba oksijeni, na mwili wa mtoto mdogo bado hauna nguvu ya kuirekebisha damu hiyo upesi kama wetu. Midomo na kucha hugeuka samawati. Daktari Hunter Comly aliieleza hali hii mwaka 1945 huko Iowa, Marekani, kwa watoto waliotengenezewa maziwa kwa maji ya visima vya mashambani. Mtoto begani alikuwa na midomo ya waridi, nashukuru. Mamake alizima jiko. Hakusema neno. Akamwaga ile sufuria mwembeni.

Mzee ndiye aliyevunja kimya. "Mwanangu, choo changu kiko mita 30."

"Najua mzee. Lakini vya wenzio?"

Aligeuka akatazama juu ya ukuta. Mabati, paa kwa paa, mpaka barabarani.

Nataka niondoke Kisauni kidogo, kwa sababu msomaji anaweza kudhani kila uchafu hufanya kama naitreti. Haufanyi hivyo. Ukienda bara upande wa Changamwe na Mikindani, mwamba wa chini si matumbawe wala mchanga. Ni udongo mgumu wa tabaka tabaka, wa kale kuliko matumbawe kwa mamilioni mengi ya miaka, na maji hupita humo kwa shida. Huko ndiko iliko Owino Uhuru. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu wapatao 3,000, na risasi, ile metali ya ndani ya betri, ikaingia kwenye vumbi, kwenye maji ya barazani, kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda na ambaye mwanawe aliugua, aliwaongoza wakazi kudai haki, akapewa tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua mwaka 2020 walipwe Sh1.3 bilioni, na baada ya vuta nikuvute ya rufaa Mahakama ya Juu iliurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Mengi yameandikwa kuhusu kesi. Mimi nataka kuzungumzia udongo.

Risasi haina tabia ya naitreti hata kidogo. Ikitoka pamoja na asidi ya betri huweza kuyeyuka na kutembea, lakini uchachu ukipungua tu hukimbilia kushika kitu: udongo wa mfinyanzi, kutu ya chuma, mboji, chokaa. Ikishika haiachii kirahisi. Kwa sababu hiyo risasi nyingi hukaa sentimita chache za juu, miaka na mikaka, pale hasa anapochezea mtoto. Siku hapa hazisaidii chochote. Kijidudu kina umri, naitreti yaweza kugeuzwa gesi, lakini risasi ni elementi: haiozi, haifi, haiwi kitu kingine. Kiwanda kilifungwa, risasi haikufungwa. Husafiri kwa kupanda vumbi kiangazi na kupanda tope masika. Mvua ya kwanza kubwa ikishuka mteremkoni, maji mekundu yale ya mitaroni ndiyo gari lake, na kituo ni mikokoni, mkono wa bahari unapoingia bara.

Kwa hiyo ukipima maji ya kijito yaliyochujwa ukakuta risasi kidogo, usishangilie. Uliza tope lilikuwaje. Nimeona watu wazima wenye vyeti wakipima maji masafi yaliyotulia wakarudi na habari njema, na uchafu wote umelala chini ya viatu vyao.

Tope la mikokoni lenyewe nililijua tangu utotoni, kupitia shangazi. Alikuwa akienda kuokota chaza hori ya Tudor maji yakipwa, nami nikimbebea kikapu. Ukilifukua tope lile, juu ni kahawia, wembamba wa ukucha. Chini yake ni jeusi, nalo hunuka yai viza. Shangazi alikuwa na pete ya fedha ambayo haikutoka kidoleni tangu harusi. Siku hizo za chaza pete ilirudi nyumbani nyeusi kama wanja. Alikuwa akiisugua kwa majivu akinung'unika kwamba tope la Tudor lina husuda.

Sikujua kwamba pete ile ilikuwa ikinionyesha siri yote. Kule chini hakuna oksijeni. Bakteria wa huko, wakikosa oksijeni, hupumua kwa vitu vingine, kwa zamu: naitreti kwanza, kisha manganizi na kutu ya chuma, kisha salfeti iliyojaa tele katika maji ya bahari. Wakiitumia salfeti hutoa salfaidi, ndiyo ile harufu ya yai viza, na salfaidi ikikutana na metali huikamata ikawa kitu cheusi kisichoyeyuka. Ilikamata fedha ya shangazi. Huikamata vile vile risasi, shaba, zinki na kadmiamu zinazoshuka kutoka mjini. Na naitreti iliyotushinda Kisauni, ikifika kwenye tope hili, wale bakteria wa zamu ya kwanza huigeuza naitrojeni, gesi ile ile iliyo karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta, ikaenda zake angani. Mkoko haukui hapo kama pambo la watalii. Unalishika tope, nalo tope linatushikia mengi.

Linashika mradi tu lisisumbuliwe. Ikate mikoko, tope likauke na kupasuka. Lichimbue kwa ajili ya gati, lipae majini: oksijeni yaingia, salfaidi yachomeka, na metali zilizolala miaka mingi zaweza kuachiliwa kwa siku chache. Kaa na samaki wako pale pale. Zebaki ni mbaya zaidi, kwa kuwa baadhi ya bakteria wa tope lisilo na oksijeni huigeuza kuwa aina inayojikusanya ndani ya samaki, aina ile ile iliyomwagwa baharini na kiwanda huko Minamata, Japani, ambako watu waliilipia kwa miili yao kuanzia miaka ya 1950. Ndiyo maana nikipita Kibarani, ambapo kwa miaka mingi taka za jiji zilirundikwa ukingoni mwa maji na leo pamepandwa nyasi na miti, nafurahi kwa nyasi lakini moyo wangu unabaki chini yake. Kufunika ni mwanzo wa kazi. Yahitajika kulipima lile tope kila mwaka, kwa vizazi.

Petroli nitaipita upesi. Huelea juu ya maji ya ardhini, na penye hewa bakteria huila vizuri tu. Dawa za kusafishia nguo na vyuma zilizo na klorini ni kinyume: huzama mpaka chini kabisa ya maji, na bakteria wanapozivunja nusu nusu mtoto huweza kuzaliwa mbaya kuliko mzazi, kemikali ya kusababisha saratani kutoka kwa ile isiyokuwa kali kiasi hicho. Kila mara nikisikia neno "imeoza yenyewe" huuliza: imeoza ikawa nini?

Na kuna dalili moja ambayo mama wengi wa Mombasa wameiona bila kuambiwa maana yake. Unateka maji maangavu, unayaweka kwenye beseni, unakwenda sokoni, ukirudi yamekuwa ya manjano na kanzu nyeupe imeshika madoa ya kutu. Chuma kilikuwa kimeyeyuka humo kwa sababu chini hakuna oksijeni. Kimeipata hewa kwenye beseni, kikarudi kuwa kutu. Wakati mwingine ni ardhi yenyewe tu. Wakati mwingine oksijeni imeliwa na maji ya choo yaliyopita hapo. Bangladesh mageuzi ya namna hii yaliachilia arseniki ya asili iliyokuwa imeshikwa na kutu mchangani, ndani ya visima vilivyochimbwa kwa nia njema kuwaepusha watu na vijidudu vya madimbwi. Kufikia miaka ya 1990 mamilioni walikuwa wameinywa. Madoa yale kwenye kanzu yanastahili kuulizwa maswali.

Nilirudi kwa mzee wa Kisauni masika yalipokwisha. Mkokoteni ulikuwa ukishusha mitungi ya lita 20 barazani, maji ya mfereji, na mama mtoto akiihesabu. Juu ya mfuniko wa kisima mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi za mkono wa mtoto wa shule: MAJI YA KUFUA NA KUOSHEA. MTOTO ASIPEWE. Nilichovya kijikaratasi. Zambarau, ile ile.

Sikuwa na la kumfariji, nami nilimwambia hivyo. Kusogeza choo hakungeleta kitu, na kusogeza kisima vile vile. Mashimo yasakafiwe chini yasivuje, yanyonywe na gari, au mtaa upate bomba la majitaka; hayo hayamo katika uwezo wa mtu mmoja mwenye mwembe.

"Nami sikukaa bure," akasema. Akatoa daftari mfukoni mwa kanzu, lile la mistari la shilingi chache. Ukurasa wa kwanza alikuwa amechora kisima chake kwa duara, na kutoka kwenye duara kwenda bara, kule maji yanakotokea, miraba midogo midogo, kila mmoja na nambari. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba baada ya sala ya alasiri, akiuliza kwa adabu shimo la kila nyumba liko wapi, lina kina gani na lilijengwa lini.

"Mpaka barabarani nimefika vyoo 14," akasema. "Vya ng'ambo sijavifikia. Wana mbwa." Akavaa makubadhi, akanitazama. "Una nafasi?"

Nilifunga kisanduku cha chupa, tukatoka.